Mzee na Futi ya Fundi Cherehani

Idara ya Uvuvi inatangaza rasmi kwamba samaki mdogo arudishwe mtoni azaliane, na kwamba mvuvi mtiifu hana wa kumwogopa. Kila Jumamosi, kando ya mto Mississippi, mzee mmoja mhamiaji humwomba Bernardine, jirani yake wa mtaa wa Phillips, amsomee tangazo hilo kabla hajatupa ndoana. Kila samaki humpima mara tatu kwa futi ya fundi cherehani. Juzi afisa wa Idara mwenye sare alisimama, akamtazama samaki, akatabasamu na kusema jambo kwa Kiingereza.

“Papa, anasema huyu ni mukubwa, umubebe nyumbani!” Bernardine akamtafsiria mzee.

“Dossier yangu, makaratasi ya kuomba uraia, iko kwa meza ya serikali, maman. Nikisha kuapa kuwa raia, nitakula.”

Mzee akamwachia samaki majini, akamshukuru afisa mara mbili. Samaki alizidi kipimo cha Idara kwa vidole vinne.