Nenosiri Langu la Kiswahili Safi

Ofisini kwetu Bukoto mimi ndiye niliyewasumbua wenzangu waachane na programu za makampuni makubwa. Hata ile inayotoa namba za kuingilia barua pepe ya ofisi niliibadilisha, na hiyo mpya nikaifunga kwa nenosiri la Kiswahili, maana Kiswahili changu najisifia sana.

Juzi nilibadilisha simu, programu ikataka nenosiri. Nikaandika "chakulakitamu". Ikakataa. Nikarudia polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Wateja wanangoja majibu, bosi kasimama nyuma yangu, nami nailaumu programu.

Amina wa mapokezi, anayecheka matamshi yangu kila siku, akaniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, hebu andika vile unavyoongea."

Nikaandika "chakurakitamu". Ikafunguka.

Bosi akanigusa bega. "Haya, twende tukare."