Nilitoa Jiwe la Tela, Lawama Nikamtupia Shemeji

Mimi ni mkosaji. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma ukifika katikati. Shemeji yangu anachechemea kwa sababu yangu, na niliwaacha watu wamseme yeye. Leo natoa ya moyoni, maana yamenielemea.

Naishi Tunduma, kazi yangu ni wakala wa forodha, nawatolea watu mizigo mpakani. Nyumba yetu inatazama barabara ya malori. Honi asubuhi, honi jioni, vumbi mpaka kwenye chai! Mke wangu alipopata mimba, usingizi ukamkimbia kabisa. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea tela dogo la magurudumu mawili. Ndani kitanda, kidirisha na mlango, basi. Jumamosi tunalifunga nyuma ya gari, tunapanda milima ya Ileje, tunapiga kambi hadi Jumapili jioni.

Majirani walitucheka weee! "Mna nyumba ya bati, mnakwenda kulala kwenye banda la kuku?" Sisi tunapunga mkono, tunaondoka. Kule juu mke wangu alikuwa analala mpaka anakoroma, na mimi nilikuwa najiona mwanaume kweli.

Safari hiyo tulikwenda na mdogo wake, huyo shemeji yangu. Ni kijana wa Nanyala, utingo wa malori, leseni ya udereva alikuwa ameshaipata. Tajiri wake alikuwa amemwahidi kumkabidhi lori. Alikuwa haongei kitu kingine, ni lori tu.

Tulisimama kwenye mteremko, njia ya Isongole, chini yetu korongo lenye mto. Shemeji akalifungua tela ili achukue gari akanunue mafuta ya kupikia dukani. Dada yake alikuwa ameshalala ndani. Akatafuta mawe mawili, akayasukumia chini ya matairi, kila tairi na lake, akayapiga teke kuona kama yameshika.

"Shemeji, mawe haya yasiguswe," akaniambia. "Dada yumo humo."

"Nenda bwana, kwani mimi mtoto?"

Akaenda. Nami njaa ikanishika. Nikataka niinjike maharage, lakini mafiga niliyopata ni mawili tu, sufuria linayumba. Kupata jiwe la tatu ilibidi nishuke korongoni, na mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Uvivu jamani, uvivu! Nikaliangalia jiwe moja chini ya tairi. Bapa, zuri, saizi yenyewe. Nikajisemea moja lililobaki linatosha.

Nikalivuta. Tela halikutikisika hata kidogo. Nikatia moto, sufuria likatulia, nikaanza kupiga mluzi.

Maharage yalikuwa yameanza kuchemka niliposikia kitanda kinalia mle ndani. Mke wangu alikuwa anajigeuza. Kisha nikasikia changarawe zinasagika. Nikageuka. Mungu wangu, tela linatembea!

Nilitaka kukimbia, sikukimbia. Nikaita jina la mke wangu. Nilisimama pale na mwiko mkononi, natazama mke na mtoto wangu wanakwenda korongoni. Siwezi kukueleza ile hofu. Hadi leo nikisikia changarawe chini ya gari, nageuka kutazama.

Gari likaingia. Shemeji hata mlango hakufunga. Aliruka, akaudaka ule mkono wa chuma wa kufungia tela kwenye gari, akaupindisha kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele, "Dada, shika kitanda! Dada, shika!" Tela likageuka ubavu, likagota kwenye ukingo, likasimama. Tairi moja lilikuwa juu ya mguu wake.

Tulilisukuma pamoja, akautoa unavuja damu. Mke wangu akatoka ameshika tumbo.

"Nani aliweka mawe?"

Shemeji alikuwa amekaa chini, jasho linamtoka. Macho yake yalikuwa kwenye moto wangu. Akayatazama mafiga, akanitazama mimi.

"Niliyaweka mimi, dada."

Ukweli mtupu! Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Badala yake nikadakia, "Basi hukuyaweka sawasawa, bwana mdogo. Ungetuulia mtu!"

Mke wangu akalia, akamwambia, "Nusura uniue." Mtu aliyemwokoa!

Uongo wangu haukuishia hapo. Tajiri wake ni mteja wangu. Siku moja akaniuliza ofisini, "Huyu shemeji yako, nimpe gari?" Nikaona nikimsifia, mke wangu atasikia na kuanza kuhoji. Nikacheka, nikasema, "Udereva sijui, ila jiwe la kuzuia tairi huwa anasahau." Kwa watu wa malori, neno hilo linatosha. Lori akapewa mwingine.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Tukaenda Nanyala kwa wakwe kwa sala ya shukrani. Shemeji akanyoosha mikono ampokee mpwa wake. Mke wangu akamkumbatia mtoto kifuani, akageuka upande. Mbele ya wazazi wake! Kijana akashusha mikono, akaenda zake jikoni kuchochea moto.

Nikamfuata, nafsi inanisuta.

"Shemeji, ulijua?"

"Jiwe lilikuwa na alama ya tairi, shemeji. Nililiona chini ya sufuria."

"Mbona hukusema?"

"Dada alikuwa na mimba. Ningemwambia siku ile, angekuacha, akarudi kwetu na tumbo lake. Nikajua utamwambia mwenyewe." Akachochea moto. "Nimesubiri."

Nilitoka, nikamwambia mke wangu yote, pale pale uani, mama mkwe akisikia. Hakunipigia kelele, heri angepiga! Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni na mtoto, akampa mdogo wake ampakate. Nikawasikia wanalia wawili. Jioni nilirudi Tunduma peke yangu, na hadi leo niko peke yangu. Kwa tajiri nilikwenda kusema kweli. Akaniambia nimechelewa, lori lina mtu, na mizigo yake sasa anampa wakala mwingine.

Wewe unayesoma, hasa wewe baba mwenye familia: ukilitoa jiwe, sema umelitoa. Sema siku ile ile, wakati mguu wa mwenzako bado unavuja damu. Utaaibika, ndiyo, lakini utaaibika ukiwa na watu wako.

Tela liko hapa uani, limeota kutu. Nimelikingia mawe pande zote, na humo ndani hakuna mtu.