Nyaya Nane Nilizozipanga kwa Uzuri

Nianze kwa kukiri, kabla hamjasikia kutoka kwa wengine: mwanzoni mwa kazi yangu nilitumia muda mrefu kusahihisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Siku ya kwanza Mkuu wa Ufundi, mzee aliyesoma kwa Kifaransa na ambaye sote tulimwita Chef, alinipa kipande cha kebo ya kompyuta kilichokwisha kubanwa kichwa cha plastiki. Akaniambia nitengeneze ishirini kama kile, naye akaenda kunywa chai.

Kebo ile ina nyaya nane ndani, nyembamba kama tambi, zimesukwa mbili mbili: wa chungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa chungwa, kisha kijani, buluu na kahawia, kila mmoja na wake. Nikakitazama kipande cha Chef. Chungwa sawa. Kahawia sawa. Lakini kijani ametenganishwa na mwenzake, na katikati yao wamekaa buluu wawili kama wageni waliojilaza kwenye kitanda cha wenye nyumba. Mimi ni mtu wa nyumbani, soksi zangu nazikunja jozi kwa jozi. Nikasema moyoni kwamba aliyefunga kitu hiki alikuwa na haraka zake. Kwenye ishirini zangu nikamrudisha kila mmoja kwa mwenzake, nikabana vichwa ncha zote mbili, vikapendeza.

Chef aliporudi alivichomeka kwenye testa, kisanduku chenye taa nane zinazowaka moja baada ya nyingine kuonyesha kwamba kila waya umefika upande wa pili. Zikawaka zote, kijani tupu. Akaniambia nina mkono mzuri. Niliamini.

Kazi yenyewe niliipenda kwa sababu inafanyika ndani ya nyumba. Nilimaliza sekondari Tanzania, wazazi wakarudi Kigali, nikarudi nao, na tangu hapo sijaona sababu ya kwenda popote. Kituo changu cha kwanza kilikuwa maduka ya Kabuga, pembezoni tu mwa Kigali. Kwangu Kabuga ilikuwa ng'ambo, mke wangu alikuwa akinifungia chakula kama anayesindikiza msafiri. Kisha nikapelekwa shule moja Busanza, kwenye chumba cha kompyuta. Kote huko kebo zangu zilikuwa fupi, mita tano, mita nane, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye swichi, kile kisanduku kinachopokea kebo nyingi na kugawa kila ujumbe kwa mwenyewe. Kwenye umbali mdogo hata kosa kubwa hulala. Hakuna aliyelalamika.

Halafu tukapata hospitali moja binafsi iliyojengwa mteremkoni. Maabara iko chini, chumba cha upasuaji kiko juu, na kati yao kuna kebo ya karibu mita themanini inayopita darini na kwenye bomba la uani. Niliifunga mimi. Taa nane, kijani tupu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, kwa kuwa maabara ilikuwa inatuma majibu madogo madogo. Wiki ya pili wakaunganisha mashine ya kupiga picha za tumboni, na picha ni mzigo mzito. Mchana wa siku ile, mvua inanyesha, tukaitwa: mtandao umekwama.

Tulimkuta daktari wa upasuaji amesimama mbele ya skrini, amevaa tayari, mikono ameinua isiguse kitu. Kwenye skrini kuna kiduara kinazunguka. Ndani yuko mama wa kujifungua anayevuja damu. Daktari alitaka kundi la damu yake na idadi ya chembe zinazogandisha damu kabla hajashika kisu, na majibu hayo yalikuwa tayari kule maabara, yamekwisha kutumwa. Niliuliza kwa nini wasipige simu. Muuguzi mkuu, muforomo kwa lugha ya kwetu, mama mmoja mnene wa makamo, akanijibu bila kunitazama kwamba waliwahi kusikia tarakimu vibaya kwenye simu, na tangu hapo majibu ya damu ni kwa kompyuta au kwa karatasi yenye sahihi. Akavua viatu vyake vya wodini, akavaa vya bustani, akatoka kwenye mvua kuelekea maabara.

Nyie vijana mnaosema mtandao umelala, ngoja niwaambie unavyolala. Kompyuta haitumi jibu likiwa zima. Inalikata vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti inabeba namba ya ukaguzi iliyopigiwa hesabu kutokana na yaliyomo. Kompyuta inayopokea inapiga hesabu ile ile. Isipolingana, pakiti inatupwa na inangojwa nyingine. Kwa hiyo kebo mbaya haileti jibu la uongo, inalichelewesha tu. Pakiti za yule mama zilikuwa zinafika zimeharibika, zinatupwa, zinatumwa upya, zinaharibika tena, huku damu inavuja.

Nilipanda ngazi nikaingiza kichwa darini. Chef akauliza taa. Nikasema zote kijani. Akauliza tena, polepole, kana kwamba nimesema uongo. Nikachomoa kichwa cha kebo kutoka kwenye swichi nikamteremshia. Akavaa miwani yake ya kusomea, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Niliona midomo yake inahesabu rangi. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Nani alipanga hii?"

Ningeweza kusema ni fundi mwingine. Tulikuwa watatu kwenye kazi ile, na huyo wa tatu alikuwa likizo. Jina lake lilinifika hadi kwenye meno.

"Mimi, Chef."

"Hii tu?"

"Zote."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema kwa sauti ya chini, ili daktari asisikie: "Wa tatu na wa sita iko wanabeba mzigo moja. Wewe umewaachanisha. Kata."

Hapo ndipo nilipoelewa wale wageni kitandani. Ishara moja hupita kwenye nyaya mbili, na anayepokea husoma tofauti iliyopo kati yao. Kelele ya umeme ikizikuta zimesukwa pamoja, inazigusa sawasawa na tofauti inabaki vilevile. Nafasi ya tatu na ya sita kwenye kichwa ni jozi moja, ndiyo maana kijani anawaruka buluu. Mimi, kwa kupenda nyumba safi, nilikuwa nimeweka kijani pa tatu na buluu pa sita, kila mmoja amesukwa na mwenzake wa rangi yake, wanapokea kelele za kila jirani. Testa haiwezi kulijua hilo. Yenyewe inauliza kama waya umefika tu.

Ncha ya juu niliikata nikaifunga upya, waya wa kahawia ukanichomoka mara mbili. Lakini ncha ya pili ilikuwa maabara. Nikashuka ule mteremko mbio, mimi ambaye mke wangu hajapata kuniona nikikimbia. Katikati ya ngazi za uani nikapishana na muuguzi mkuu anapanda, amelowa, karatasi ameificha kifuani chini ya aproni, anapumua kwa mdomo. Chini nikakata, nikapanga kama kipande cha Chef, nikabana, nikachomeka. Nikapiga simu juu. Chef akasema skrini imefunguka.

Mama akapona, na mtoto, msichana. Kesho yake nilimwomba Chef ruhusa nirudi Kabuga na Busanza nikate kebo zangu zote, moja moja. Akanipa koleo jipya la kubania na neno moja: "Nenda." Ilinichukua miezi. Wenye maduka waliniuliza kilichoharibika, nikawajibu kwamba bado hakijaharibika.

Sasa nimestaafu, nakaa Rebero, na kutoka nje ni hadi ukutani. Watu wanatumia nyuzi za kioo na mawimbi, na kazi yangu inafanywa na vijana wenye testa zinazopima hata kelele. Kisa hiki nimekisimulia miaka mingi kama siku niliyookoa mama na mtoto. Jumapili iliyopita nilimsimulia jirani yangu, Mama Diane, mtu wa Bukavu kule Kongo, akiwa anamenya viazi upande wake wa ukuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini.

"Muzee, ule mama aliokolewa na muforomo mwenye alikimbia na karatasi. Weye ulikuwa ku dari, unatengeneza kosa yako."