Karai la Simu

Fundi cherehani hakuwa na haja ya kumchukia shemeji yake, kumdharau kulimtosha. Shemeji huyo, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na watu walimwita Itifaki kwa sababu hata chumvi hakuiomba bila kuanza na "waheshimiwa". Fundi alisema kichwa chake ni debe, na wote wanajua debe la namna gani huvuma.

Binti pekee wa Fundi alikuwa bweni, katika shule ya watoto viziwi. Alikuwa mdogo, kuandika bado kulimshinda. Lugha yake ilikuwa mikononi. Kila Jumapili mlezi wa bweni alipiga simu ya video, na Fundi aliitundika simu kwenye msumari juu ya cherehani ili mikono yake yote miwili iwe huru kusema. Na kila Jumapili mtandao uliganda. Mkono wa mtoto ulinyanyuka ukakwama hewani, nusu ya neno. Mara ya mwisho alionyesha tumbo, kisha picha ikasimama. Anaumwa? Ana njaa? Mama alilala na tumbo lile wiki nzima.

Ndipo kampuni ya mtandao wa kasi ikaleta mlingoti wa majaribio juu ya gari. Asubuhi hiyo mtaalamu wao aliingia kwa Fundi kushonewa mkanda wa begi uliokatika.

"Mama, leo mashine yetu inahesabu simu zitakazoingia mtandaoni," alisema. "Zikiwa nyingi, tunawavutia waya wa kudumu. Zikiwa chache, waya unakwenda bonde la pili."

"Mwenyekiti anajua?"

"Nilimweleza juzi. Alitikisa kichwa kukubali."

"Kutikisika ndiyo kazi pekee ya kichwa kile."

Fundi alipofika uwanjani kwenye mkutano wa uzinduzi, alimkuta Itifaki langoni, kajibana ndani ya suti, kakumbatia karai la kufulia. Simu za kijiji kizima zilikuwa humo, zote zimezimwa.

"Shemeji, tia yako humu. Sitaki mlio wakati wa hotuba."

"Wewe mtu! Si wanahesabu simu leo?"

"Ndiyo maana nimezikusanya pamoja. Waje wazihesabu. Haitapotea hata moja."

Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichooza: huwezi kukishona, na kukichana ni kupoteza muda.

"Yangu nimeisahau nyumbani," alisema, akapita nayo mfukoni mwa aproni, chini ya chaki na mkasi.

Itifaki akaanza. Mtandao wa kasi ni maendeleo, waheshimiwa, na maendeleo, waheshimiwa, ni mtandao wa kasi. Watu wakapiga makofi ya usingizi. Kwenye benchi la nyuma Fundi akaisimamisha simu mapajani, akampigia mlezi. Binti akatokea kiooni, na mikono yake haikukwama. Ilitiririka. Akasimulia jino lililong'oka na mwenzake aliyemwibia sabuni. Na lile tumbo? Paka wa bweni alikuwa na mimba! Fundi alicheka hadi machozi, na kicheko chake hakikumsumbua yeyote, maana alicheka kwa mikono.

Mtaalamu akainama kando yake. "Mama, mashine inaonyesha simu moja tu, hiyo yako. Akimaliza hotuba nafunga hesabu. Ndiyo amri niliyopewa."

Na Itifaki alikuwa ameshafika kwenye "kwa hayo machache".  Fundi akaruka wima.

"Mwenyekiti, samahani! Hujatueleza ulivyoingia kwenye uongozi."

"We mwanamke, umerogwa?" jirani yake akanong'ona.

Itifaki alichanua. "Swali zuri sana hilo!"

Fundi akaliendea karai, akalibandika kiunoni kama anayekwenda kufua, akapita benchi kwa benchi. "Washa. Usiulize. Ingia mtandaoni, mpigie yeyote, hata yule aliyekukimbia." Kila pumzi ya msemaji ilipopungua, alimtupia nyingine: "Na ile semina yako, shemeji? Na cheti chake?" Naye akapaa upya. Hajawahi mtu kuombwa upuuzi kwa bidii namna ile.

Hatimaye mtaalamu akainua kichwa kutoka kwenye mashine. "Inatosha, mama. Waya ni wenu."

Fundi akaketi akimpa msemaji mgongo, akaishika tena simu yake, na hakuuliza tena kitu. Maskini Itifaki aliona simu zimeinuliwa uwanja mzima, akadhani anarekodiwa, akavuta tai ikae sawa.

Binti bado alikuwa kiooni. Akauliza: yule anayepanua mdomo nyuma yako ni nani?

Ishara ya baba mkubwa Fundi aliijua. Hakuitumia. Alikunja vidole vikawa mdomo wa bata, akavifungua na kuvifumba, akavifungua na kuvifumba, bila kumeza kitu.

Mtoto akaangua kicheko, na picha haikuganda.