Neno Letu Lilikuwa Omena

Kuna alasiri moja ya Rongo ambayo bega langu halijaisahau, mwanangu. Jana nilipokuona uani mkirushiana makofi ya kuigiza na wenzako mbele ya simu, ikanirudia yote. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilisuka nywele sokoni, mikono hii ndiyo iliyonilisha, na jioni niliigiza na kikundi chetu. Odhiambo, mpiga video wa harusi na matanga, alikubali kurekodi mchezo wetu wa wake wenza. Rafiki yangu Akinyi alikuwa mke mkubwa. Mimi nilikuwa mke mdogo, mchokozi kwelikweli, na usiniulize kwa nini walinichagua.

Tulichezea nyuma ya duka la Bi Zuhura, muuza leso kutoka Mombasa, ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza kwetu. Mchezo ulikuwa wa Kijaluo, naye Kijaluo hakukijua. Akinyi alitakiwa kunikunja mkono mgongoni, nami nilie, "Weya! Weya!" yaani niache. Basi akanogewa. Akaupinda mkono mpaka bega likalia.

"Weya, Akinyi! Weya!" nikapiga kelele.

Watu wakashangilia. Odhiambo, jicho kwenye kamera, akasema, "Hapo hapo! Endelea, inatoka fiti sana!"

Mwanangu, niliogopa. Nikawaza, mkono huu ukiharibika nitakula nini?

Bi Zuhura akatoka dukani mbio, akasimama mbele ya kamera. "Mwacheni mtoto wa watu! Hamsikii anaumia?"

"Lakini mama, hayo ni maneno yake ya mchezo," Odhiambo akasema.

"Maneno siyajui mimi. Sauti nimeisikia." Akanishika bega taratibu. "Kwenu mtu akiumia kweli husemaje?"

"Weya," nikajibu huku nalia.

"Na kwenye mchezo?"

"Weya."

"Sasa nyinyi mna akili kweli?"

Akinyi alilia kuliko mimi. Bi Zuhura akatukataza kugusana mpaka tupate neno la kusimamisha mchezo, neno lisilokuwamo kwenye hadithi. Kijaluo alijua moja tu, la kununulia kitoweo: omena, yaani dagaa. Likawa hilo hilo.

Bega lilipopona tulirudia. Safari hii mkono niliupeleka mgongoni mwenyewe, Akinyi akaufuata tu. Kofi lilipita mbali na shavu, kamera ikiwa nyuma yangu isione nafasi iliyobaki, na mlio niliupiga mimi kwa viganja vyangu. Kabla ya kurekodi nililijaribu lile neno. Sikulimaliza, Akinyi alikuwa ameshaniachia. Kanda ilipoonyeshwa Homa Bay, akina mama walisimama wakimtukana Akinyi, naye alikuwa amekaa kando yangu akila njugu.

Kwa hiyo pigana, mwanangu, sikukatazi. Ila anayepigwa ndiye aongoze, na kabla simu haijawashwa mkubaliane neno lenu. Likitamkwa, hata kwa utani, kila mkono uachie. Usingoje kuuliza kama ni kweli.

Akinyi sasa ni mzee kama mimi. Nikimpitia sokoni huwa namnong'oneza, "Omena," naye huinua mikono yote miwili juu, watu wakatushangaa.

Mungu akupe rafiki wa namna hiyo, na wewe akufanye wa namna hiyo kwake.