Siku Mbwa wa Baba Alipovunjika Mguu

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wodini, na nilichokitaka duniani ni kitanda tu. Tunakaa Igoma, upande wa juu kwenye mawe, mimi na baba yangu. Nilimleta kutoka Kagera baada ya mama kufariki, naye akaja na redio yake na mbwa jike mweusi wa kienyeji. Redio sikuwa na neno nayo. Mbwa sikumtaka. Kazini nashinda nikigeuza wagonjwa na kubadilisha shuka. Sikuona kwa nini nyumbani nako nisubiriwe na kiumbe mwingine wa kutunzwa.

Sijavua hata viatu, nikasikia mlio. Mbwa alikuwa amemfukuza pimbi juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akateleza. Alirudi kwa miguu mitatu. Ule wa nyuma wa kushoto ulikuwa unaning'inia kuanzia chini ya goti, unayumba kila alipojivuta. Akajilaza mlangoni akihema.

"Amevunjika," baba alisema. "Nipe vijiti na kitambaa. Kwetu mbuzi tulikuwa tunawafunga wenyewe."

"Baba, usimguse."

Akamgusa. Mbwa ambaye miaka yote alilala miguuni pake aligeuka ghafla, meno yakagonga karibu kabisa na vidole. Baba alirudisha mkono, akauangalia.

Nilimpigia daktari wa mifugo aliyewahi kumchanja. Alipopokea nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Dada, niko Busisi, ng'ambo ya ziwa, nachanja ng'ombe. Mlete kwangu Buzuruga saa tisa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Mfupa umetoka nje?" daktari aliuliza.

"Hapana. Kuna mchubuko tu."

"Basi usiunyooshe mguu, wala usiufunge vijiti. Mlaze mahali pamoja asitembee. Maji kidogo sawa, chakula hapana, huenda nikamchoma sindano ya usingizi. Wakati wa kumbeba mfunge mdomo kwa kitambaa, mkifika mfungue apumue."

"Nina diklofenaki kwenye mkoba. Nimpe kiasi gani?"

"Usimpe kabisa! Dawa za watu zinaua mbwa. Hata panado usimpe."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Usiku mzima nilikuwa nimegawa dawa za maumivu kitanda kwa kitanda. Sasa kiumbe analia mlangoni kwangu, dawa ninazo, na siruhusiwi kumpa hata kidonge kimoja.

Tulimfunga mdomo kwa kipande cha kitenge, tukamtelezesha juu ya ubao, tukamlaza kwenye kona ya sebule na kuizuia kwa viti. Nilipomfungua mdomo alianza tena kulia, na kila alipotaka kuinuka ilibidi nimshike mabega. Baba alisimama nyuma yangu akiuliza. Anaumia sana? Daktari amesema saa ngapi? Hatuwezi kumpata mwingine? Nilijibu mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tano nikageuka.

"Baba, nimechoka! Kila mtu anataka nimshike. Na mimi nani ananishika?"

Sikuwa nimewahi kumpandishia baba sauti. Nilidhani atatoka nje. Badala yake alishika ukuta, akajishusha taratibu hadi sakafuni, mzee mwenye magoti mabovu, akaweka mkono begani mwa mbwa.

"Nenda kalale, mama," alisema. "Huyu ni wangu."

Nililala na sare ya kazi. Nilipozinduka ilikuwa saa nane. Nyumba kimya. Nilikwenda sebuleni nikijua nitakuta amekufa. Mbwa alikuwa amelala, tumbo likipanda na kushuka. Baba alikuwa palepale alipoketi, mkono palepale.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ningesogea angeamka." Akatabasamu kwa aibu. "Sasa miguu yangu mimi siisikii."

Nikampitisha mikono kwapani, nikamwinua kama ninavyowainua wagonjwa, akasimama ameniegemea mpaka damu ikarudi. "Nisamehe, baba," nilimwambia, uso wangu shingoni mwake. "Mm," alijibu.

Tulikwenda Buzuruga kwa bajaji, ubao umelazwa kwenye magoti yetu. Daktari alikuta mfupa umevunjika sehemu moja, goti likiwa salama. Alimchoma sindano, akaunyoosha mguu na kuufunga plasta. Baba alimwuliza kama angeufunga vijiti ingekuwaje. Daktari alisema ungepona umepinda, au usingepona. Baba aliitikia kwa kichwa, akatazama pembeni.

Plasta ilikaa wiki nyingi. Mbwa alitembea tena, anachechemea kukiwa na baridi. Lakini jioni ya siku ile aliyovunjika mguu, nilivaa sare nyingine nikarudi wodini, na baba akanisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.