Mikanda ya Chuma ya Gari la Baba

Nalipenda gari la baba. Kwa miaka mingi nilikana jambo hili mbele ya ndugu zangu, mbele ya mume wangu, na hata katika makala niliyoandika kuwakejeli watu wanaotunza magari yaliyokufa kana kwamba yatafufuka pamoja na watakatifu. Makala hiyo ilisifiwa. Baba aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama nimekula.

Ni gari la Kifaransa, jeupe, refu, lililolala chini ya mabati nyumbani kwetu Thika tangu nikiwa chuo kikuu. Kuna picha yake moja mbele ya ile hoteli ya zamani ya maporomoko ya Chania. Mama ameegemea mlango, na jua limepiga mkanda wa chuma unaozunguka dirisha, likarudi kwenye kamera, nusu ya uso wake ikapotea katika mwanga. Ndiyo picha pekee inayoonyesha mikanda hiyo iking'aa. Baadaye wezi wa vipuri waligundua kanisa: watu wako ndani wanaimba, nje magari yanavuliwa vioo na vyuma. Wengine walichonga namba za gari kwenye vioo. Baba alichonga, kisha akachukua rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti, akaipaka mikanda yote.

"Mwizi haibi sufuria yenye masizi," alisema. Na kweli, haikuguswa.

Mwaka jana daktari alitueleza kwamba presha ya macho imemla baba jicho moja na inamalizia la pili. Tulipofika nyumbani baba hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kwenye gari, akaliinamia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Maitu," aliniita. Mimi ni binti wake wa kwanza, nina jina la mamake, kwa hiyo nimekuwa mama yake tangu nizaliwe. "Hii rangi ningeitoa kabla giza halijaingia. Nione tu vile ilikuwa."

"Nitaitoa mimi."

"Wewe? Na ile makala?"

Nikalivutisha gari hadi kwangu Membley, huku Ruiru. Askari wa geti alilizunguka mara mbili, kitabu cha wageni mkononi. "Madam, hii tuandike mgeni ama marehemu?"

Nilinunua dawa ya kutoa rangi, nikaipaka kwa brashi, nikangoja. Rangi ya geti ilijikunja kama utando wa maziwa, nikaikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, isije ikaumiza chuma. Chini yake mkanda ulikuwa mzima, baridi, na ndani yake mlikuwa na uso wangu mrefu kama wa farasi. Nilicheka peke yangu pale uani.

Yalibaki madoa madogo, na hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Kwetu msichana alipimwa kwa sufuria zake. Ulizisugua kwa stilwulu na majivu, mkono ukizunguka, hadi mgeni ajione humo. Nikaisugua mikanda vivyo hivyo, mduara juu ya mduara. Kivulini ilipendeza. Nilipolisukuma gari juani, ilikuwa imejaa ukungu wa mikwaruzo kama kitako cha sufuria ya ugali. Digrii mbili, na nimekiosha chuma cha baba kama vyombo vya harusi.

Ikabidi nianze upya: msasa laini wenye maji, kwa urefu wa mkanda, mkono usigeuke hata kidogo, kisha dawa ya kung'arisha shaba na kitambaa cha fulana kuukuu. Milango ya mbele, niliyokuwa nimeimaliza, niliirudia yote miwili.

Mama akapiga simu. "Lete hivyo hivyo. Aone hata milango miwili."

"Wiki ijayo, mama. Bado ina mikwaruzo."

"Kwani huyu anaona mikwaruzo?"

Mimi ni mtu wa kufuta sentensi ya kwanza hadi mhariri aache kupokea simu zangu, na sikutaka kumpelekea baba kazi yenye dosari. Niliita jambo hilo heshima. Wiki ile ikapita, na nyingine. Kila jioni niliona mahali pamoja zaidi pa kurudia.

Simu ya pili ilinikuta kwenye dirisha la nyuma, la mwisho, asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linafika uani.

"Ameamka akaniuliza mbona sijafungua pazia," mama alisema.

"Na hukuwa umefungua?"

"Nilifungua kabla sijaweka chai."

Nilisikia simu ikipokezwa, kisha pumzi ya baba.

"Maitu. Umefika dirisha gani?"

"La mwisho. Baba, naweza kuja sasa hivi. Nikitoka saa hii nitakuwa hapo kabla hujamaliza chai."

"Mama yako aliniambia ile mikanda ya mbele ilikuwa na mikwaruzo. Ilitoka?"

"Ilitoka."

"Yote?"

"Yote, baba."

"Basi na hiyo ya mwisho ifanye polepole," alisema. "Haraka imeisha."